Kiporo cha Alfajiri

Jua lilikuwa utosini na mji mzima wa Itunda ulikuwa umelala fofofo, isipokuwa mtoto wangu.

Nilijua yuko macho hata kabla sijafumbua yangu, kwa sababu upande wake wa kitanda ulikuwa wa baridi. Nilijaribu kuinuka, mwili ukagoma. Watu wa Milimani, wale wanaoishi kwa jua, hudhani usingizi wetu ni kama wao. Thubutu. Kengele ikishazimika mwilini alfajiri, mtu wa Itunda huanguka kama gunia la mchanga, na kuamka kabla ya wakati ni kazi ya kumwomba Mungu. Mimi nilikuwa nimeshamwomba nikachoka. Nilikuwa nimeficha pilipili kichaa chini ya mto, nikaiuma kwa meno ya mbele na kuingoja. Machozi yakatoka, kamasi zikatoka, nikaweza kukaa kitako.

Melea alikuwa mlangoni. Sisemi mlango wa chumba. Nasema ule wa nje, wa chuma kinene, ambao tunaufunga jua likichomoza na hatuufungui mpaka king'ora cha magharibi kilie. Komeo la chini alikuwa ameshalitoa. La juu hakulifikia, kwa hiyo alikuwa amekwenda jikoni kuleta kigoda cha bibi yake, na mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya kigoda.

Sijui nilifikaje pale. Nilimnyakua, tukaanguka wote sakafuni, na nilipomuuliza anataka kufanya nini hakuonekana hata kuona kosa.

"Nataka nione kama kuna mtoto mwingine yuko macho," aliniambia.

Nje ya mlango ule, saa ile, hakuna mtoto, hakuna mbwa, hakuna hata inzi. Mwaka juzi jirani yetu wa nyumba ya tatu alichanganyikiwa na homa, akafungua mlango mchana, na joto lililoingia halikumchukua yeye peke yake. Walibebwa watano. Melea aliwajua wote, alicheza na watoto wao. Lakini mtoto asiyelala hafikiri kama mtoto. Alikuwa amefikisha miaka saba na alikuwa ameanza kusahau maneno. Kijiko alikiita kile. Mimi aliniita Bibi, na bibi yake alimwita Mama. Mikono yake ilitetemeka kama ya mtu aliyebeba ndoo mbali, na nilipoweka sikio kifuani pake moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena.

Nilimrudisha kitandani. Nilijua sitaweza kukesha, najijua, kwa hiyo nilichukua kanga nikafunga mkono wake na wangu, fundo la kukaza, nikasema akiinuka nitasikia. Halafu usingizi ukanichukua nikiwa katikati ya kumwimbia.

King'ora kilipolia niliamka. Kanga ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya mto wangu. Melea alikuwa amekaa mbele ya mlango, macho mekundu, anangoja nimfungulie.

*

Nieleze kidogo, maana huenda anayesoma haya hakuzaliwa tambarare.

Jua lilianza kuua huku kwetu kabla mimi sijazaliwa. Waliokuwa na nguvu walipanda Milimani kwenye baridi, waliobaki wakageuza maisha, mchana kulala, usiku kufanya kazi. Jua likizama tunafungua milango na kuulizana umeamkaje. Watoto wanakwenda shule na taa zao, sisi tunakwenda kwenye pampu za maji. Lakini mwili wa binadamu haukukubali. Wazee wanasimulia kwamba mwanzoni watu walisinzia juu ya mashine na mchana wakabaki wamekodoa macho gizani. Ndipo Bodi ya Unga ikaleta kengele. Ni vitamini, inachanganywa kwenye unga wa ugali, ndugu wa zile ambazo zamani watu walizinunua dukani kwa ajili ya damu na mifupa. Ila hii imefundishwa kazi moja tu. Ukila ugali magharibi, inauambia mwili kwamba asubuhi imefika. Usiku kucha inapungua polepole, alfajiri inazimika, na wewe unazimika nayo. Chakula cha pili, kabla ya kulala, kinatakiwa kiwe viazi au kunde, kitu kisicho na unga.

Basi hayo ndiyo maisha yetu. Mimi sikuwahi kuyaona mabaya mpaka mwanangu alipoacha kulala.

Daktari Ngalya wa zahanati yetu ni mtu wa maneno machache, jambo ambalo mimi hulipenda kwa daktari. Alimtoa Melea damu magharibi, na kabla ya mapambazuko akaja mwenyewe nyumbani kumtoa nyingine. Kesho yake akatuita. Nilikwenda na mama yangu, Bibi Sechelela kama wote wanavyomwita, kwa sababu ndiye anayekaa na Melea. Mimi natoka pampu alfajiri miguu haina nguvu, naingia ndani na kuanguka. Anayemlisha na kumlaza ni mama.

Daktari aliuliza mtoto anakula nini kabla ya kulala.

"Chai tu," mama alisema. "Chai ya maziwa na tangawizi. Mtoto halali na tumbo baridi."

Akashika ncha ya kanga yake na kuanza kuikunja. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mama yangu hajui kusema uongo, na akijaribu, kanga humsema. Nimemjua hivyo tangu niko mgongoni mwake.

Na papo hapo nikasikia ladha mdomoni mwangu. Kiporo cha ugali kimemegwa ndani ya kikombe cha chai ya moto, na juu yake ukoko, ule mkavu wa chini ya sufuria, umelainika kidogo tu. Ndivyo nilivyolelewa. Ndivyo alivyolelewa kila mtoto wa Itunda. Bodi inaagiza ugali uliobaki ufukiwe kabla ya alfajiri, lakini nani anafukia ugali? Mama aliiona njaa ya mwaka mashamba yalipoungua. Alizika watoto wawili, kaka zangu ambao sikuwahi kuwaona. Umwambie mtu huyo achimbe shimo atie chakula? Tena kengele ya zamani ilikuwa inakufa ugali ukipoa, kila mtu alijua hivyo. Tulikula kiporo alfajiri na tukalala kama mawe.

Lakini mwaka huu unga ulikuja kwenye magunia yenye mstari wa buluu. Bodi ilitangaza kwamba kengele mpya ni ya kudumu, haiharibiki ovyo. Tulishangilia, maana tulikuwa tumechoka kusinzia kabla zamu haijaisha. Halafu wakarudia lile agizo lao la kufukia mabaki, tukasema haya, wameanza tena hawa.

Nilinyamaza. Mbele ya daktari, mbele ya mtoto wangu anayekufa, nilimtazama mama anakunja kanga na nikanyamaza.

Daktari naye hakuwa mjinga. Alimwomba mama ampeleke Melea chumba cha pili akapimwe uzito, na mlango ulipofungwa akaniambia kwamba damu ya alfajiri ilikuwa na kengele nyingi kuliko ya magharibi.

"Sikuulizi ni nani," alisema. "Nimeshaona watoto wengine kabla yake. Nakuuliza kama mtaacha leo."

Nilimwambia tunaacha leo. Akatikisa kichwa, akasema kuacha hakutoshi. Nyuma ya macho ya kila mtu, alinieleza, kuna saa ndogo iliyofundishwa na jua tangu binadamu awe binadamu. Hata vitamini za kale, baadhi yake, zilikuwa na tabia ya kuigusa saa hiyo, na watu waliozimeza jioni walilalamika kukosa usingizi. Kengele haiigusi, inaipigia kelele. Mtu mzima akipigiwa kelele mara mbili kwa siku anachoka, anaweza kurudi. Mtoto saa yake bado laini. Akiambiwa amka magharibi, akaambiwa amka tena alfajiri, mwisho saa inaacha kumsikiliza yeyote. Haijui usiku wala mchana. Haitampa usingizi tena hata kengele yote ikitoka mwilini, na dawa za kulazimisha usingizi ameshazijaribu kwa wengine, mwili unalegea tu na ubongo unabaki macho.

Kilichobaki ni jua lenyewe. Apelekwe Milimani, alale giza likiingia, aamshwe na mwanga, siku nenda siku rudi, mpaka saa ianze upya. Wapo waliopona hivyo. Lakini saa iliyoanzishwa na jua itaishi kwa jua. Hatakula tena unga wetu maisha yake yote, na Itunda hatarudi.

Nikasema nitafunga mizigo, tunaondoka wote. Daktari akanitazama kwa huruma, na nilimchukia kwa ile huruma.

"Wewe umezaliwa ndani ya kengele, Mama Melea. Ukifika kule utalala mchana na kukesha usiku mpaka uzeeke. Nani atamshika mtoto mchana karibu na magenge ya kule, yale maporomoko marefu ya mawe? Milimani hawapokei mtoto bila mlezi wa mchana, walishaokota miili chini kule. Nani kwenu alizaliwa kabla ya kengele?"

Kupitia ukutani nilimsikia mama anamtania Melea kwenye mzani, anamwita mke mwenzangu, anamuuliza mbona amekuwa mwepesi, anataka bwana wao aseme hapikiwi?

Nilimuuliza daktari tuna muda gani. Akasema moyo ndio utakaotangulia kuchoka. Lori la viazi la Milimani linaondoka wiki hii, akasema, na asingependa mtoto alikose.

*

Mama alikataa.

Nilimwambia nusu ya maneno. Nilimwambia mtoto anahitaji jua, na yeye ndiye pekee anayeweza kuishi nalo. Hayo yalikuwa ya kweli. Sikumwambia kwa nini. Aliniuliza nani atafagia makaburi ya kaka zangu. Aliniuliza baba yangu, ambaye amelala pembeni yao, atamwachia nani. Halafu akasema jambo lililonikata maini. Alisema mtoto huyu hana ugonjwa, mtoto huyu ana njaa. Yeye aliiona njaa, anaijua sura yake, mwenye njaa halali. Huko kwa wageni nani atamlisha? Viazi na maboga ndicho chakula?

Nikaelewa kila kitu. Kadiri Melea alivyokosa usingizi ndivyo alivyokonda, na kadiri alivyokonda ndivyo mama alivyomwongezea tonge. Alikuwa anampa na lake. Ndiyo maana yeye mwenyewe alilala bila shida, alikuwa anakunywa chai kavu na kumwambia mjukuu wake nimeshiba.

Alfajiri ile nilikataa kwenda kitandani. Nilikaa jikoni mpaka nikafukia ugali wote uliobaki kwa mikono yangu, ukoko na makombo, nyuma ya tangi la maji. Mama alinitazama kama anayetazama mtu anachoma nyumba. Sikumwambia sababu. Nilijidanganya kwamba nikishafukia, hakuna haja ya kusema. Nitampeleka Milimani, atapona, na mama atakufa siku yake ikifika bila kujua. Kuna ubaya gani? Mtu aliyezika watoto wawili kwa kukosa chakula, umwambie wa tatu anamwua kwa kumpa?

Mchana Melea alipiga kelele usingizini mwangu. Nasema usingizini mwangu kwa sababu wake haukuwepo. Niliuma pilipili nikaamka, nikamkuta mama ameamka pia. Alikuwa amempakata. Mwili wa mtoto ulikuwa umekakamaa kama ubao na macho yamepanda juu, weupe mtupu. Ulichukua muda kuachia. Ulipoachia, Melea alimtazama bibi yake na kumuuliza yeye ni nani.

"Tutakwenda," mama alisema. "Hata leo."

Nililia kwa furaha. Nililala nikilia. Nilipoamka magharibi, mizigo yake ilikuwa tayari mlangoni. Kanga zake, sufuria lake dogo, mwiko. Na nyuma ya vyote, limefungwa kwa kamba na kushonwa mdomo, gunia la unga lenye mstari wa buluu.

Nilikaa chini.

"Mama, unga unabaki."

Alicheka kidogo. Alisema anajua Milimani hawataki unga wetu, lakini yeye atampikia mjukuu wake kisirisiri, kidogokidogo, mpaka apate nguvu. Alisema nisiwe na wasiwasi, hatakula yeye, wote utakuwa wa Melea.

Nilitafuta uongo. Mungu ananiona, nilitafuta uongo wa kila aina. Lori limejaa. Njiani wanapekua. Unga umeingia wadudu. Na kila uongo niliushika nikauona hautoshi, kwa sababu mwanamke huyu angeweza kuficha unga kwenye pindo la kanga, kwenye mto, kinywani mwake. Alikuwa ameficha chakula maisha yake yote. Lingemzuia jambo moja tu.

"Mama, ni kiporo."

Hakuelewa, au hakutaka. Nikaendelea, na sauti niliyoisikia haikuwa yangu.

"Kengele ya unga huu haifi ikipoa. Kila alfajiri ulipompa tonge, mwili wake uliambiwa uamke. Ndicho kilichomharibu. Daktari ameiona kwenye damu."

Alibaki amesimama. Mkono wake ulitafuta ncha ya kanga, ukaipata, haukuikunja.

"Hata ukoko?" aliuliza.

"Ukoko zaidi."

"Nilikuwa nampa ukoko wote." Akaliangalia gunia. "Nilimwambia mimi nimeshiba."

Nikamwambia si kosa lako. Nikamwambia Bodi ndiyo yenye kosa, sote tumelelewa hivyo, hata mimi, hukujua. Nilisema yote ambayo mtu husema, na yote yalianguka chini. Hakulia. Ningefurahi angelia, ningejua la kufanya. Aliinama, akakata uzi wa gunia kwa meno, akaanza kurudisha unga kwenye pipa, kiganja kwa kiganja, bila kumwaga hata chembe. Hata wakati ule hakuweza kuumwaga.

Alipomaliza alipangusa mikono, akaniomba jambo moja. Melea asiambiwe. Si sasa, si akiwa mkubwa. Akumbuke chai. Nikamwapia.

*

Lori la Milimani haliondoki gizani. Barabara inapita kwenye magenge, dereva anataka mwanga, kwa hiyo hungoja jua lichomoze kisha hukimbia kabla joto halijakaza. Mtu wa Itunda anayemsindikiza ndugu yake huagana naye mapema na kwenda kuanguka nyumbani. Hata vishindo vya lori havisikii.

Mimi sikukubali. Usiku huo nilisonga ugali, wa mwisho kwa watu watatu, na hakuna aliyekula isipokuwa mimi. Kilichobaki nilikifunika. Alfajiri, mama alipokuwa anamfunga Melea sweta, niliingia jikoni, nikamega kiporo, nikala nimesimama, kwa haraka, kama mwizi. Kilikuwa kitamu. Sitaki kusema lakini kilikuwa kitamu mno.

Ikaja ile saa ambayo miguu hulegea, nayo haikulegea. Nikatoka nje nao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona kunapambazuka. Nilidhani mwanga utakuja kwa kishindo. Ulikuja polepole, kila kitu kikapata rangi yake, hata mikono yangu, ambayo sikujua kama ina madoa. Mama alisimama ameelekeza uso mashariki na amefumba macho, na nikaona kwamba mwili wake ulikuwa unaikumbuka ile hali. Ulikuwa unamkumbuka msichana fulani wa kabla yangu.

"Hilo ndilo jua, mke mwenzangu," alimwambia Melea. "Litazame pembeni, usilikazie macho."

Melea aliuliza kama Milimani watoto wako macho sasa hivi. Nikamwambia ndiyo, wote, wanaamka muda huu. Akatabasamu, tabasamu la nusu mdomo, kwa sababu upande mmoja wa uso ulikuwa umeanza kulegea. Nikampandisha. Mama alipanda baada yake bila kushikwa mkono. Hakunitazama machoni, na sikumlaumu.

Nilisimama pale mpaka vumbi likaisha na ngozi ikaanza kuniuma. Jirani alikuwa ameacha mlango wake wazi kidogo kwa kunisubiri niingie kwangu, naye alikuwa amelala chini palepale, kichwa kizingitini. Nilimsukuma ndani, nikamfungia mlango.

*

Melea alipona. Naliandika hili mapema ili mtu asije akasema sikushukuru.

Ilichukua muda, lakini usiku mmoja alifumba macho na hakuyafumbua mpaka jogoo. Mama alinipigia simu kunieleza, akashindwa kumaliza sentensi. Sasa mtoto amenenepa. Anakwenda shule mchana. Kijiko anakiita kijiko.

Shida ni saa za kuongea. Mimi nikiamka magharibi, yeye anapiga miayo. Nikiwa kazini, amelala, na mama haruhusu mtu amwamshe, na ana haki. Inabaki alfajiri. Yeye anaamka, mimi nazimika. Mwanzo nilikuwa nasikia maneno mawili matatu kisha naanguka na simu sikioni. Melea alizoea. Aliendelea kunisimulia mambo ya shule, halafu kesho yake alinicheka, akasema Mama unakoroma.

Nikasema nitamega kipande kidogo tu, cha ukubwa wa kidole. Nisikie hadithi moja mpaka mwisho. Nikaisikia. Ilikuwa ya mbuzi aliyekula daftari la mwalimu. Sijawahi kusikia hadithi nzuri kama ile.

Kesho yake nikamega tena. Mtu mzima anachoka, anaweza kurudi, si ndivyo daktari alivyosema? Nitarudi. Nikimaliza kusikia ameingia darasa jipya nitarudi. Nikimaliza kumsikia anasoma kitabu kwa sauti. Jana pampuni nilisahau jina la bomba, nikaliita lile. Mikono inanitetemeka lakini kazi bado naifanya. Mchana nalala kidogo, au nakaa mbele ya mlango nasikiliza ukimya.

Leo Melea ameongea mpaka jua likatoka. Amenieleza habari za meno yake, habari za rafiki yake, ameniimbia. Nimemuuliza maswali, nimecheka pale pa kucheka. Halafu nikasikia simu inapokonywa, na sauti ya mama.

"Foibe. Mbona uko macho?"

Nimemwambia leo kuna joto, nimekosa usingizi tu. Nyuma yake kuna kuku, kuna watoto, kuna mchana mzima. Nimemsikia anamwambia Melea aende akanawe uso, na amengoja mpaka hatua zake ziishe.

"Umekula nini?"

Nimetazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika ncha ya kanga, unaikunja, unaikunjua.

"Chai tu, Mama," nimemjibu.